BWANA SHAMBA ANASEMA: Chuo Kikuu cha Kilimo ni Chetu, Tukitumie

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kupanda kwa mistari, kupalilia mapema na kuhifadhi nafaka. Mwezi huu tuzungumze juu ya mahali ambapo mafunzo kama hayo hutafutwa na kufundishwa. Mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro. Watu wengi hukiita SUA.

Hapa Kinyangiri wakulima huniuliza hivi: "Bwana Shamba, chuo hicho kiko mbali, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Sisi tunalima mtama, uwele na alizeti. Chuo hicho kinatufaa nini?"

Swali hili ni zuri. Chuo hicho ni mali ya umma. Kinaendeshwa kwa fedha za umma. Ukinunua sabuni au sukari dukani, ndani ya bei yake mna kodi. Sehemu ya kodi hiyo inasomesha watu Morogoro. Basi mwenye mali ana haki ya kuuliza mali yake inamfaa nini. Leo nitajaribu kujibu.

KILIANZA KIDOGO

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, nchi yetu haikuwa na chuo kikuu cha kilimo. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilikuwa cha nchi tatu: Uganda, Kenya na Tanganyika. Sehemu zake zilikuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mtu wa kwetu aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, Uganda. Aliyetaka kuwa daktari wa mifugo alikwenda Nairobi, Kenya. Nafasi zilikuwa chache, na safari ilikuwa ndefu.

Mwaka 1965 chuo cha kilimo kilianza Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kilikuwa chuo kidogo. Kilitoa stashahada, yaani elimu iliyo juu ya cheti na chini ya shahada.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa. Kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Chuo cha Morogoro kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo ni sehemu ya chuo kikuu inayoshughulika na elimu ya aina moja. Tangu hapo Mtanzania aliweza kusomea shahada ya kilimo nchini mwake, kwenye udongo wa kwao.

Mwaka 1974 iliongezwa elimu ya misitu. Mwaka 1976 ikaongezwa elimu ya udaktari wa mifugo. Tazameni mpango huo. Mkulima wa hapa ana shamba. Ana ng'ombe na mbuzi. Anahitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea. Mambo hayo matatu yamo katika kaya moja. Ng'ombe hutoa samadi, na samadi hulisha shamba. Mabua ya shamba hulisha ng'ombe. Miti huzuia upepo na maji yasichukue udongo. Hivyo ilifaa elimu hizo tatu zikae mahali pamoja.

JINA LA SOKOINE

Mwaka 1984 Bunge lilitunga Sheria Namba 6. Kwa sheria hiyo, kitivo cha Morogoro kilikuwa chuo kikuu kamili kuanzia tarehe 1 Julai, 1984. Kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine.

Wazee wanamkumbuka Sokoine. Vijana inafaa waelezwe. Alizaliwa Monduli, katika jamii ya wafugaji. Alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Tarehe 12 Aprili, 1984, alikuwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro. Haikupita miezi mitatu, chuo kikapewa jina lake. Kwa hiyo jina hilo linatukumbusha jambo. Chuo hiki kimepewa jina la mtoto wa wafugaji ili kiwatumikie wakulima na wafugaji.

CHUO KIMEKUA

Tangu mwaka 1984 chuo kimepanuka sana.

Karibu na mji wa Morogoro kuna mahali paitwapo Mazimbu. Zamani palikuwa na shamba la mkonge. Nchi yetu iliwapa mahali hapo wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC. Wao wakajenga shule kwa ajili ya vijana wao waliokimbia ubaguzi wa rangi. Waliipa shule hiyo jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 ANC waliikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania. Sasa ni kampasi ya SUA. Kampasi ni eneo la chuo lenye madarasa na mabweni yake. Kampasi hiyo bado inaitwa Solomon Mahlangu. Pale wanasoma, pamoja na wengine, vijana watakaokuwa walimu wa sayansi katika shule zetu za sekondari.

Chuo kina kampasi nyingine mkoani Katavi. Inaitwa Kampasi ya Mizengo Pinda. Huko Olmotonyi, Arusha, kina msitu wa kufundishia. Huko Mazumbai, Lushoto, kina msitu wa asili wa kufanyia utafiti.

Masomo nayo yameongezeka. Leo kijana anaweza kusomea ufugaji wa samaki, ufugaji wa nyuki, umwagiliaji, lishe, usindikaji wa vyakula, wanyamapori au biashara ya mazao. Anaweza pia kusomea kompyuta.

Mwaka 2021 Serikali ilianza mradi mkubwa wa kuimarisha vyuo vikuu vya umma. Unaitwa Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi. Fedha zake ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vyote vinavyohusika. SUA ni kimojawapo. Kwa fedha hizo yanajengwa madarasa, mabweni na maabara. Maabara ni chumba cha kupimia vitu kama udongo, mbegu, maji na damu.

Ndugu wasomaji, mkopo hulipwa. Watakaolipa ni sisi na watoto wetu. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba mambo ya Morogoro hayatuhusu.

KAZI TATU ZA CHUO

Mkulima hali jengo. Tuulize basi, ndani ya majengo hayo inafanyika kazi gani? Kazi ni tatu: kufundisha, kutafiti na kueneza elimu kwa wananchi.

Kufundisha tumekwisha kuona. Kutafiti ni kutafuta jibu la swali kwa kupima na kulinganisha, si kwa kubahatisha. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni maharage. Watafiti wa SUA wametoa mbegu bora za maharage. Mojawapo inaitwa SUA 90. Nyingine ni Rojo, Mshindi na Pesa. Kupata mbegu mpya ni kazi ya miaka mingi. Mtafiti huchavusha ua la aina moja kwa chavua ya aina nyingine. Kisha hupanda, huchagua, na hupanda tena, msimu baada ya msimu. Hutafuta mmea unaozaa vizuri na kuvumilia magonjwa. Lakini haragwe lazima pia liive upesi, maana kuni ni za shida. Lazima liwe na ladha. Na rangi yake lazima ipendwe sokoni. Mambo hayo anayajua mama anayepika na muuzaji wa gulioni. Mtafiti hana budi kuwauliza.

Mfano wa pili ni mbuzi wa maziwa. Mbuzi wetu wa kienyeji ana maziwa machache. Humtosha mtoto wake tu. Katika miaka ya 1980 SUA ilishirikiana na Norway kuleta mbuzi wa maziwa wa Norway. Walipelekwa kwa wakulima wa Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, mahali penye baridi. Kule mashamba ni madogo na yako kwenye miteremko mikali. Si rahisi kufuga ng'ombe wengi. Mbuzi hufungiwa bandani na kuletewa majani. Hutoa maziwa ya watoto na samadi ya mboga. Angalieni, mbuzi hao walipelekwa mahali panapowafaa. Kwetu Singida ni pakavu na pana joto zaidi. Mtu asikimbilie kununua mnyama au mbegu kwa sababu imefaa mahali pengine. Kwanza aulize.

Mfano wa tatu utawashangaza. Sisi tunamjua panya kama mwizi wa ghalani. Huko SUA, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akinusa harufu ya baruti hupara ardhi, naye hupewa chakula. Ni mwepesi, hivyo bomu halilipuki anapopita juu yake. Panya hao wamefanya kazi Msumbiji, Kambodia na nchi nyingine. Mmoja wao, aitwaye Magawa, aligundua mabomu zaidi ya 100 huko Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Panya wengine hunusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Hivyo ndivyo elimu ifanyavyo kazi. Humtazama hata adui na kuuliza, je, huyu anaweza kufaa kwa lolote?

Kazi ya tatu ni kueneza elimu. Chuo kina taasisi ya elimu ya kujiendeleza, ambayo hutoa mafunzo ya muda mfupi. Katika miaka ya 1990 kilianzisha pia shahada ya ugani kwa mabwana shamba na mabibi shamba walio kazini. Katika masomo hayo mwanafunzi hurudi vijijini. Hufanya mradi pamoja na wakulima kabla hajamaliza. Mpango huo ni mzuri, maana mwalimu wa mkulima hana budi kuwa pia mwanafunzi wa mkulima.

KWA NINI ELIMU HUCHELEWA KUFIKA?

Sasa tuseme ukweli. Chuo kimekua, lakini vijiji vingi havijaona matunda yake ya kutosha. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni umbali na uchache wa watumishi. Bwana shamba mmoja huhudumia kaya nyingi. Hawezi kufika kila shamba kila mwezi.

Sababu ya pili ni kwamba maswali yetu hayafiki kwa watafiti. Chukueni mtama. Mtama mweupe una soko zuri. Lakini kwelea kwelea wanaupenda sana. Mtama mwekundu wenye uchungu hawaupendi hivyo. Ndiyo sababu wazee wetu hawakuuacha. Katika shamba la utafiti huwekwa watu wa kufukuza ndege kutwa nzima. Hapa Kinyangiri watoto wako shuleni, na mama ana kazi kumi. Kama mtafiti hakuambiwa hayo, atatoa mbegu yenye mavuno mengi kwenye karatasi. Sisi tutaipanda msimu mmoja, ndege wataimaliza, na hatutaipanda tena. Mtafiti atasema wakulima ni wagumu. Mkulima atasema wataalamu hawajui kitu. Kumbe kilichokosekana ni mazungumzo.

Elimu ni kama barabara. Magari lazima yaende na yarudi. Jibu litoke chuoni lije kijijini. Swali nalo litoke kijijini liende chuoni.

JINSI YA KUPELEKA SWALI

Huna haja ya kupanda basi kwenda Morogoro. Anzia kijijini. Mweleze bwana shamba au bibi shamba wako. Yeye atapeleka swali ofisi ya kilimo ya wilaya, Nduguti. Kutoka huko litapelekwa kwa wanaohusika. Mambo ya mtama na uwele yana kituo cha utafiti karibu zaidi, huko Hombolo, Dodoma. Mengine yatapelekwa SUA au kwenye vituo vingine. Tena yapo maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu, huko Nzuguni, Dodoma. Atakayekwenda aende na maswali ya kijiji yaliyoandikwa kwenye daftari.

Swali zuri ni lile lenye ushahidi. Kusema "shamba langu limechoka" hakutoshi. Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Udongo nao hupimwa. Maabara itaeleza kama udongo una chumvi nyingi, una asidi, au umepungukiwa chakula gani cha mmea. Ukijua hilo hutapoteza fedha kwa mbolea usiyoihitaji.

Chukua udongo wa kupima kwa njia hii:

1. Chukua wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna na kabla ya kuweka samadi au mbolea. Hivyo majibu yatafika kabla ya mvua.

2. Tembea shambani kwa kwenda upande huu na upande ule. Chagua sehemu 10 hadi 15. Usichukue kwenye kichuguu, chini ya mti, njiani, au mahali palipokuwa zizi au jalala.

3. Kila sehemu ondoa majani ya juu. Chimba kwa kina cha sentimita 20, karibu urefu wa kiganja kilichonyooshwa. Kata ubale mwembamba wa udongo kutoka juu hadi chini.

4. Tia udongo wote katika ndoo safi. Usitumie ndoo iliyowekwa mbolea. Changanya vizuri.

5. Chukua kiasi cha kilo moja. Anika kivulini mpaka ukauke. Usianike motoni.

6. Tia katika mfuko safi. Andika kwa penseli kwenye karatasi: jina lako, kijiji, tarehe, zao la msimu uliopita na zao unalotaka kupanda. Weka karatasi hiyo pamoja na udongo.

Kama sehemu moja ya shamba ni mbuga nyeusi na nyingine ni kichanga, chukua mifuko miwili. Usichanganye. Kabla ya kutuma, uliza gharama ya kupima. Wakulima wenye mashamba ya udongo wa aina moja wanaweza kuchanga na kupima kwa pamoja kama kikundi.

Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika katika kisomo, hapa ndipo kalamu yenu inafanya kazi. Karatasi ile ndogo ndani ya mfuko ndiyo sauti yako maabara.

JEMBE SI ADHABU

Liko jambo moja kubwa kuliko udongo. Ni watoto wetu.

Mtoto akichelewa shuleni, katika shule nyingi hupewa adhabu ya kulima. Akifanya vibaya katika mtihani, mzazi humwambia, "Usiposoma utabaki na jembe." Mtoto anasikia. Anajifunza kwamba kilimo ni mahali pa kutupwa wasiofaa. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanakimbilia mjini. Chuo kikuu cha kilimo kinaweza kuwa na maabara mpya mia. Lakini kama mtoto wa mkulima amefundishwa kuona haya kwa kazi ya baba na mama yake, maabara hizo atazijaza nani?

Nawaomba wazazi na walimu tubadili jambo hili. Mtoto apewe tuta lake la mchicha au kuku wake wawili. Apime, aandike, auze, ahesabu faida. Hapo ataona kwamba kilimo kinataka akili.

Njia ya kufika chuoni ipo. Shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, na mpaka kidato cha sita tangu mwaka 2022. Mtoto asome sayansi kwa bidii: baiolojia, kemia, fizikia, jiografia na hisabati. Akimaliza kidato cha sita na kufaulu vizuri, anaweza kuomba nafasi SUA. Kuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa wasio na uwezo. Mkopo huo naye ataulipa akipata kazi. Asipofika kidato cha sita, njia haijafungwa. Anaweza kuanza na cheti katika vyuo kama Ukiriguru, Tengeru au Ilonga. Kisha apande kwenye stashahada, na baadaye shahada. Mimi mwenyewe nina cheti cha kilimo, na ndicho kilichonileta shambani kwenu.

Tusiwasahau wasichana. Katika nyumba zetu nani anachagua mbegu ya kuweka juu ya moshi? Nani anajua mtama upi hutoa ugali mzuri? Ni mama. Anayejua hayo tangu utotoni angekuwa mtafiti mzuri. Lakini binti akitoka shule anachota maji mpaka giza, huku kaka yake anasoma. Wagawane kazi, ili na yeye apate saa ya kusoma.

Ndugu wasomaji, chuo kilichoanza kidogo mwaka 1965 sasa ni kikubwa. Kimefanya sehemu yake, na bado kina deni kwetu. Nasi tuna sehemu yetu. Tupeleke maswali. Tupeleke udongo. Tupeleke watoto. Msimu ujao kila kikundi cha wakulima kiandike swali moja na kunipa. Nitayafikisha Nduguti, na majibu yakija tutayasoma pamoja.

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu, Kinyangiri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Zamani Mtanzania alikwenda wapi kusomea shahada ya kilimo?

2. Ni mbegu gani iliyowahi kuletwa kijijini kwenu kisha wakulima wakaiacha? Waliiacha kwa nini? Je, kuna aliyemwambia mtaalamu?

3. Kwa nini hatuchukui udongo wa kupima kwenye kichuguu au mahali palipokuwa zizi?

4. Shule yenu inatumia jembe kama adhabu? Kamati ya shule inaweza kufanya nini?

5. Kama mtafiti angefika kijijini kwenu kesho, mngemwuliza swali gani la kwanza? Liandikeni.